Kabla ya Dawa, Kagua Kizimba: Majeraha Madogo ya Nyoka wa Kufugwa

Mbuzi akiumia mguu huchechemea. Mbwa hukilamba kidonda chake mpaka mwenyewe ashtuke. Nyoka hafanyi hata kimoja. Hana sauti ya kulilia, hana mguu wa kuburuta, na uso wake haubadiliki kwa furaha wala kwa maumivu. Anaweza kuwa ameungua tumbo na bado akajilaza palepale penye moto, au akakaa wiki nzima na matundu ya meno ya panya mgongoni huku akinywa maji na kutoa ulimi kama kawaida. Mficha maradhi kifo humuumbua, na nyoka ni mficha maradhi hasa. Kazi ya kugundua jeraha inabaki kuwa ya mfugaji peke yake.

Lakini majeraha mengi ya nyoka wa nyumbani huanza yakiwa madogo, na chanzo chake hakiko mbali. Nyoka wa porini huumizwa na mwewe, jembe na gurudumu la gari. Nyoka wa kufugwa huumizwa na kizimba chake: taa, mkeka wa joto, wavu, jiwe lenye makali, hewa kavu, au panya aliyetiwa humo akiwa hai. Kwa hiyo dawa ya kupaka ni nusu ndogo ya tiba. Nusu kubwa ni kuondoa kilichomuumiza, kumpa joto la kutosha, kisha kuuacha mwili wake ufanye kazi.

Ushauri huu unamhusu nani

Kuishi na nyoka si jambo geni kwetu. Usukumani, chama cha Bayeye kina sifa ya ngoma za nyoka, na Bujora, nje ya jiji la Mwanza, ngoma hizo bado zinatazamwa. Kuna walezi wa nyoka katika bustani za nyoka za Nairobi, Watamu na Meserani karibu na Arusha. Na kuna vijana wetu wa ughaibuni, Ulaya na Marekani, ambao hufuga nyoka chumbani kama wengine wanavyofuga paka. Wengi wao wana mmoja kati ya aina mbili. Wa kwanza ni chatu mpira, Python regius, mpole anayejikunja akiogopa, ambaye asili yake ni Afrika, kuanzia Senegal hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda. Wa pili ni nyoka wa mahindi, Pantherophis guttatus, wa kusini-mashariki mwa Marekani. Mifano yangu mingi itamhusu chatu mpira, maana anaweza kuishi miaka zaidi ya 20 na hivyo kupata nafasi nyingi za kuumia.

Mambo mawili yawekwe wazi mapema. Kwanza, Kenya kwa sheria ya wanyamapori ya 2013 na Tanzania kwa sheria ya 2009 haziruhusu mtu kufuga mnyamapori bila kibali. Ukimkuta nyoka wa porini ameumia, usimbebe nyumbani; wasiliana na mamlaka ya wanyamapori au wataalamu wa bustani ya nyoka iliyo karibu. Pili, hakuna neno lolote humu linalomhusu nyoka mwenye sumu. Kumshika kifutu ili umpake dawa ni kutafuta jeraha la pili, na hilo litakuwa lako.

Mjue akiwa mzima

Huwezi kutambua kasoro kwenye mwili usioujua. Mkague mara moja kwa wiki, mchana, karibu na dirisha au chini ya taa nyeupe. Usimshike ndani ya saa 48 baada ya kula, maana anaweza kutapika, wala wakati macho yake yamekuwa na ukungu wa samawati, maana ngozi yake inajiandaa kuvuliwa na ni rahisi kuchanika.

Anza na kichwa. Ncha ya pua iwe na gamba zima, bila mchubuko. Midomo ifunge vizuri, bila mate yanayovutika wala mapovu. Macho yawe sawa yote mawili. Tazama mkunjo wa chini ya kidevu na ukingo wa jicho. Vidoa vyeusi vinavyotembea ni utitiri, na mahali walipouma huwa mlango wa vijidudu. Kisha mpitishe polepole kati ya viganja vyako, mwili wote ukiwa umeegemea mikono. Gamba lililoinuka, kivimbe chini ya ngozi au sehemu yenye unyevu utaihisi kwa kidole kabla ya kuiona.

Tumbo linataka muda zaidi. Magamba ya tumboni ni mapana, yamejipanga safu moja, na kwa nyoka mzima huwa makavu na laini, kingo zake zimelala. Inua kipande kimoja cha mwili baada ya kingine. Usimgeuze mzima chali, atahangaika. Malizia na mkia mpaka ncha. Piga picha kila upande akiwa na afya. Chatu wengine wana vidoa vya kahawia tumboni tangu walipoanguliwa, na bila picha ya zamani utaja kuvidhania ugonjwa.

Shahidi mwingine ni ngozi aliyoivua. Itandaze juu ya taulo ikiwa bado na unyevu, uikague kama fundi anavyokagua kitambaa. Nyoka hana kope. Kila jicho limefunikwa na gamba angavu linalovuliwa pamoja na ngozi nyingine. Hakikisha magamba yote mawili ya macho yamo, na ncha ya mkia imo. Kinachokosekana humo huenda bado kimebaki mwilini mwake.

Majeraha manne ya kila siku

La kwanza ni kuchubuka pua. Nyoka anayesukuma kioo au kusugua wavu usiku kucha hupoteza rangi ya gamba la pua, kisha gamba lenyewe, kisha hubaki na alama nyekundu yenye kigaga. Jeraha ni dogo, lakini liko mlangoni mwa kinywa. Ukipuuza, uvimbe unaweza kuingia kwenye fizi, na hapo utaona vidoa vyekundu ndani ya mdomo au utando mzito wa rangi ya maziwa. Huo si mchubuko tena, ni ugonjwa wa kinywa, na unahitaji daktari. Ukiona pua tu imechubuka, jiulize kwa nini anataka kutoka. Mara nyingi hana pango la kujifichia, au upande mmoja una joto mno, au wavu ni mkali.

La pili ni kuungua, na hili ndilo linalodanganya wafugaji wengi. Nyoka hukaa juu ya kitu cha moto mpaka ngozi ikaharibika, bila kuondoka. Hatari huongezeka chumba kikiwa na baridi, kwa sababu mnyama hung'ang'ania taa au mkeka kama mahali pekee penye uhai. Siku ya kwanza utaona magamba machache ya tumbo yamegeuka waridi. Siku mbili tatu baadaye rangi inaelekea manjano au kahawia na kingo zinainuka. Baada ya hapo huweza kutokea lengelenge lenye maji, au gamba zima likabanduka na kuacha nyama mbichi. Kwa kuwa ukubwa wa jeraha hujitokeza pole pole, usilihukumu kwa siku ya kwanza.

Tahadhari na mambo mawili yanayofanana nalo. Tumbo la chatu mpira huwa la waridi lote kabla ya kujivua gamba. Hilo ni jambo la kawaida na huisha lenyewe. Malengelenge madogo yaliyotawanyika tumboni kwa nyoka aliyelala kwenye matandiko mabichi na machafu hutokana na uchafu huo. Alama ya kuungua kwa kawaida ina mpaka, na ukiilinganisha na umbo la taa au mkeka utaona vinaoana.

La tatu ni kuumwa na panya. Panya hai aliyeachwa kizimbani na nyoka asiye na njaa, au nyoka aliyepoa, hageuki chakula, hugeuka mtafunaji. Hutafuna mgongo na mkia, na nyoka anaweza asijitetee. Jeraha la wazi utaliona. La hatari zaidi ni tundu dogo la jino ambalo ngozi hulifunika haraka na kufungia vijidudu ndani. Usaha wa nyoka si maji kama wa binadamu. Ni mkavu na mgumu, hautoki kwa kubinywa. Uvimbe mgumu unaojitokeza majuma kadhaa baada ya kuumwa ni jipu, nalo hupasuliwa na daktari. Ukijaribu kulikamua nyumbani utasukuma uchafu ndani zaidi.

La nne ni gamba lililokwama. Hewa ikiwa kavu, ngozi hutoka vipandevipande badala ya kutoka nzima. Mabaki mgongoni si tatizo kubwa, lakini pete ya ngozi iliyokauka kwenye ncha ya mkia hubana damu, na ncha hugeuka nyeusi na kufa. Gamba la jicho lililobaki huonekana kama jicho lenye vumbi au mikunjo. Msiba huja pale mwenye nyoka anapochukua kibano au selotepu na kuvuta. Hapo gamba la zamani linaweza kuondoka na jipya lililo chini yake, na jicho likaharibika. Badala ya kuvuta, mfungie nyoka kwa dakika 20 hadi 30 kwenye chombo chenye matundu ya hewa, ndani yake taulo lililoloweshwa maji ya uvuguvugu, apite mwenyewe katikati ya mikunjo ya taulo. Usiondoke ukamwacha. Rudia kesho yake kama haijatosha. Jicho likibaki vilevile, subiri awamu inayofuata ya kujivua huku ukiongeza unyevu wa kizimba, au mpeleke kwa daktari.

Picha ya pili

Vijana huniletea picha kwenye simu. "Shikamoo mwalimu. Nyoka wangu ana doa hili, nimpake nini?" Najibu, "Marahaba mwanangu. Nitumie picha ya pili." "Ya doa, kwa karibu?" "Ya kizimba chote." Mara nyingi jibu liko kwenye picha hiyo: taa iko ndani, haina kizuizi, na tawi limepita chini yake kiasi cha kiganja kimoja.

Kwa hiyo kabla hujafungua chupa ya dawa, fanya upekuzi. Pima joto kwa kipimajoto, si kwa mkono. Chatu mpira anataka upande wa moto uwe nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi na upande wa baridi nyuzi 24 hadi 27. Nyoka wa mahindi anaridhika na pungufu ya hapo kidogo. Pima pale nyoka anapolalia, chini ya matandiko, kwa sababu mkeka wa joto usio na themostati unaweza kupita nyuzi 40 huku hewa ya juu ikionyesha kiwango kizuri. Taa iwe nje ya kizimba au nyuma ya wavu asioweza kuufikia. Mawe ya umeme yanayouzwa kama vitanda vya nyoka yaondoe kabisa. Pitisha kidole kwenye kila ukingo wa pango, jiwe na mlango. Kinachokukwaruza wewe kitamkwaruza na yeye. Unyevu wa hewa kwa chatu mpira uwe asilimia 50 hadi 60, na uongezwe anapokaribia kujivua gamba. Panya awe amekufa; aliyegandishwa ayeyushwe, apashwe joto, apewe kwa koleo refu.

Tiba ya nyumbani

Andaa kizimba cha muda: chombo cha plastiki chenye matundu ya hewa, pango moja, bakuli la maji, na chini karatasi nyeupe za kufutia za jikoni. Vumbi la mbao na maganda ya nazi hunata kwenye kidonda, na weupe wa karatasi hukuonyesha tone la damu au majimaji mara moja. Badilisha karatasi kila siku, na mara tu akichafua. Joto liwe upande wa juu wa kiwango chake cha kawaida. Nyoka hajitengenezei joto lake mwenyewe. Akipoa, kinga yake nayo inalegea, na kidonda kinakaa bila kufunga.

Damu ikitoka, bana kwa shashi safi dakika tano bila kufungua kila mara kuchungulia. Kama ameungua sasa hivi, mwagilia sehemu hiyo maji safi yaliyopoa kidogo, wala si barafu. Lakini alama uliyoigundua baada ya siku tatu haihitaji kupozwa tena, ioshwe tu.

Kuosha, tumia salini, ukiisukuma kwa bomba la sindano lisilo na sindano ili uchafu utoke bila kusuguliwa. Kisha dawa ya kuua vijidudu, na ichague moja. Povidoni ayodini ya asilimia 10, sehemu moja kwa sehemu kumi za maji, itoe rangi ya chai nyepesi isiyo na maziwa. Au klorheksidini ya asilimia 2, mililita 25 katika lita moja ya maji. Usiichanganye na sabuni wala na ayodini, na usiiweke karibu na jicho au ndani ya kinywa. Fanya hivyo mara moja kwa siku, kausha kwa kugusisha shashi, na umrudishe kwenye pango lake. Kwa kuungua, krimu ya silva salfadayazini ya asilimia 1, ileile inayotumika hospitalini kwa watu, hufaa ikipakwa utando mwembamba, baada ya daktari kuona jeraha.

Vitu visivyotakiwa ni vingi kuliko vinavyotakiwa. Spiriti na haidrojeni peroksidi huunguza chembe changa zinazojenga ngozi. Marhamu ya dukani yenye ganzi ndani yake huweza kumdhuru, kwa hiyo soma lebo. Dawa ya meno, majivu, unga wa kahawa na mafuta ya taa, ambavyo watu bado huvipaka kwenye vidonda vyao, vibaki mbali kabisa. Dawa ya kupulizia mbu usiitumie kuua utitiri, inaweza kumuua nyoka. Bandeji nayo mara nyingi haifai, maana hubana mwili unaopanuka anapopumua na anapomeza. Baada ya yote nawa mikono kwa sabuni. Nyoka anaweza kubeba salmonela bila kuumwa, kwa hiyo vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni, na watoto wadogo wakae mbali na kazi hii.

Mpaka wa mikono yako

Mpeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyohiyo ukiona lolote kati ya haya: damu isiyokoma baada ya dakika kumi za kubana, nyama au mfupa kuonekana, kuungua kwenye malengelenge au kunakozidi magamba machache, alama za meno juu ya uti wa mgongo, jeraha la jicho, nyama iliyotokeza kwenye tundu la haja, harufu mbaya, kupumua kwa mdomo wazi, au mwili unaojipinda bila mpangilio. Uvimbe mgumu, ncha ya mkia iliyogeuka nyeusi na kidonda ambacho hakijabadilika kwa wiki mbili vinaweza kusubiri miadi, lakini visisubiri mwezi.

Madaktari wengi wa wanyama wamezoea ng'ombe, kuku na mbwa, nao watakwambia kweli ukiuliza. Tafuta mapema, nyoka akiwa mzima, nani katika mji wako hutibu nyoka na kasa. Siku ya safari mtie kwenye mfuko wa kitambaa uliofungwa vizuri, na mfuko ndani ya sanduku lenye hewa. Kukiwa na baridi, weka pembeni chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa taulo. Beba picha za kila siku zilizopigwa kwenye mwanga uleule, kando yake kukiwa na sarafu ileile ya kupimia. Beba pia picha ya kizimba na vipimo vya joto. Daktari atapata mengi zaidi humo kuliko katika maelezo yako ya mdomo.

Akipona

Ngozi ya nyoka hupona taratibu. Mchubuko unaweza kuchukua majuma, na jeraha la kuungua miezi. Hata nyuzi za kushonea huachwa mwezi mzima na zaidi kwa wanyama hawa. Usimlishe mnyama mkubwa wakati huo. Panya mnene huvuta ngozi na kufungua kidonda kilichokuwa kinaziba, basi mpe wadogo, na akikataa kula wiki moja mbili, kwa nyoka mzima mwenye uzito wake si balaa. Usimshike kwa mazoea. Mshike kwa tiba tu.

Nyoka aliyeumia mara nyingi hujivua gamba mapema kuliko kawaida, na kila awamu hurekebisha kovu kidogo. Awamu ya kwanza baada ya jeraha ndiyo ya kuangaliwa sana, kwa kuwa ngozi hupenda kukwama mahali pa kovu. Ongeza unyevu mara macho yanapoingia ukungu, na usimsaidie kwa kucha. Magamba mengine yataota yakiwa na rangi au umbo tofauti, na yatabaki hivyo maisha yake yote bila kumsumbua.

Kisha usiharakishe kumrudisha alikotoka. Washa kizimba chake kikiwa kitupu siku mbili, upime joto asubuhi, mchana na usiku wa manane. Kama kuna pembe unayoitilia shaka, irekebishe kabla hajaingia. Kidonda kilichopona na kurudi mahali palepale kwa mara ya pili hakitafutiwi dawa kali zaidi. Ni kizimba ambacho hakijatibiwa.